Tripu ya wanafunzi wa sekondari hapa Nairobi: hatua kwa hatua kwa mwalimu anayeanza

Kila term ikifunguka maswali ni yale yale. Mwalimu mgeni amepewa klabu ya Jiografia ama ya sayansi, prinsipo amemwambia panga kitu watoto watoke kidogo, na sasa anauliza: nianzie wapi, nibebe watoto wangapi, ni wapi pazuri na si ghali, na nikishafika nafanya nini? Nimejibu haya kwa simu, nimejibu stafrumu, nimejibu WhatsApp saa tano usiku, sasa nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, mwenye kuhitaji achukue.

Niseme mapema msimamo wangu. Tripu ya shule ni kazi ya mikono. Mtoto akirudi kama hajapima kitu, hajachora, hajahesabu, hajamuuliza mtu swali lake mwenyewe, basi umempeleka matembezi tu, na matembezi hata shangazi yake angempeleka Jumapili. Hii nimeijua kwa kukosea. Tripu yangu ya kwanza nilijaza basi mbili, watoto 94, tukaenda makumbusho ya taifa pale Museum Hill, wakapita laini wakinakili maandishi ya ukutani mpaka biro zikaisha wino. Wiki iliyofuata nikauliza darasani, Turkana Boy, yule kijana wa kale ambaye mifupa yake iko pale, alipatikana mwaka gani? Mikono ikapanda kila kona, 1984, aliyempata ni Kamoya Kimeu, mahali ni Nariokotome, yote sawa. Alafu nikauliza, je tunajuaje alikuwa kijana na si mzee? Kimya. Walikuwa wamesimama mbele ya mifupa yenyewe na hakuna hata mmoja aliyeangalia meno, kwa sababu mimi sikuwaambia waangalie meno. Kosa lilikuwa langu na nimelirekebisha tangu siku hiyo.

Mwongozo huu ni wa tripu ya siku moja, wanafunzi 40 hadi 45 (darasa moja, basi moja), iwe ni Gredi ya 10 ama kidato cha tatu. Mfano nitakaotumia sana ni Karura, msitu wa hapa Nairobi, kwa sababu iko karibu, ina mto na ina misitu ya aina mbili, lakini utaratibu ni uleule popote uendapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya karatasi: barua ya ruhusa iliyosainiwa na prinsipo, fomu za wazazi zenye sahihi na namba ya simu inayopatikana, orodha ya majina nakala tatu (moja yako, moja ya mwalimu mwenzako, moja ibaki shuleni), na orodha ndogo ya wenye pumu, kifafa, mzio au sukari.

Vya watu: mtu mzima mmoja kwa kila watoto 15, hiyo ndo sheria yangu na siivunji. Kama kuna wasichana, lazima kuwe na madam angalau mmoja, na si wa kuombwa asubuhi ya safari.

Vya kazi, na hapa hauhitaji vifaa vya bei:
- tepu ya mita 30, ama kamba uliyoifunga fundo kila baada ya mita moja
- simu mbili za walimu zenye stopwochi
- machungwa sita, ndiyo, machungwa, nitaeleza
- fimbo iliyonyooka yenye alama kila sentimita 5
- vijiti vinne na kamba ya mita 4 kwa kila kundi, hiyo ndo kwadrati, mraba wa kuhesabia mimea ndani yake
- rula
- karatasi za kupima pH (kama maji yana asidi ama la) kutoka maabara ya shule
- chupa za plastiki safi zinazopitisha mwanga
- vipande vya kadibodi ngumu na klipu, vya kuandikia mkiwa mmesimama
- penseli, usibebe biro, mvua ikigusa karatasi wino unatambaa na kazi ya siku nzima imeenda
- glavu, sabuni, jerikeni la maji ya kunawa, mifuko ya takataka
- sanduku la huduma ya kwanza, na ndani yake weka pedi, usisahau pedi

Hatua ya 1: Chagua swali kwanza, mahali baadaye

Walimu wengi wanaanza na "twende Naivasha". Hapana. Anza na swali moja ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa kupima ama kuhesabu ama kuuliza watu ndani ya saa tatu. Swali kama "tujifunze kuhusu misitu" si swali. Hili ni swali: je, chini ya mikaratusi kunaota mimea mingi kama chini ya miti ya kienyeji? Hili pia: maji ya huu mto yanapita lita ngapi kwa sekunde? Ama sokoni: nyanya, viazi na vitunguu vinavyouzwa mtaani kwetu vimetoka kaunti gani na vimelala njiani siku ngapi?

Swali moja kwa siku, mawili ikizidi sana. Ukibeba maswali sita utarudi na karatasi sita zilizojazwa nusu.

Hatua ya 2: Sasa tafuta mahali panapojibu swali lako

Hizi ni sehemu ambazo nimezitumia mwenyewe, na nakwambia kila moja inafaa kitu gani:

Karura. Karibu hekta elfu moja katikati ya jiji, kuna mto, maporomoko, mapango, mikaratusi ya kupandwa na msitu wa kienyeji wenye mihugu. Kwa Biolojia na Jiografia sijaona kama hapa. Na kuna hadithi ambayo mtoto wa Nairobi lazima aijue akiwa amesimama palepale, kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa hapo wakizuia msitu usigawanywe viwanja. Waambie mkishaketi chini ya mti, usiwaambie kwenye basi, kwenye basi hakuna anayesikia.

Makumbusho ya taifa, Museum Hill. Historia, Biolojia, Sanaa. Chagua vitu vitatu tu. Kila mtoto achore kimoja kwa dakika 20 bila kuongea, kuchora kunalazimisha jicho litulie. Uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi wa rais mwaka 1970 na akafa 1974, hapo unaweza kufanya kazi ya makadirio, tukiwa na rula ya mita moja tu tunapimaje urefu wa mnyama hatuwezi kumfikia mgongo? Hesabu ya pembetatu zinazofanana itaeleweka hapo hata kwa yule anayelala darasani.

Arboretum. Ilianzishwa 1907, karibu na katikati ya jiji, miti mingi ina vibao vya majina. Nzuri kwa anayeanza kabisa na kwa bajeti ndogo. Tumbili wa pale lakini ni wezi wa lanchi, nitarudi kwa hilo.

Mbuga ya Nairobi. Ilifunguliwa 1946, kilomita za mraba 117 hivi. Ni nzuri lakini mkiwa ndani mmefungiwa kwenye basi, kwa hivyo kazi ya mikono ni ya kuhesabu: kila kundi linapewa mnyama mmoja, linahesabu na kuandika saa na aina ya mahali alipoonekana. Bila hiyo kazi watalala kufikia saa tano.

Makumbusho ya reli. Reli ilifika hapa 1899 na mji ukamea kando yake, kwa Historia ni dhahabu na ni karibu na steji.

Olorgesailie, barabara ya Magadi. Mbali kidogo, ni karibu saa mbili na joto lake si la mchezo, lakini mtoto anaona mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala chini kwa wingi pale pale yalipokutwa na watafiti, na ile hisia hauwezi kuileta darasani. Ondokeni mapema, kofia kwa kila mtu, maji lita mbili kwa kichwa.

Hatua ya 3: Nenda wewe mwenyewe kwanza

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Tunawafundisha watoto wa Jiografia kwamba ziara ya awali ni muhimu, swali la utafiti wa nje likitokea kwa mtihani wa KCSE wanaandika sababu zake vizuri, alafu sisi wenyewe tunapeleka watoto mahali hatujawahi kanyaga!

Nenda wiki mbili kabla, siku ileile ya wiki na saa ileile. Beba daftari. Angalia: basi linageuka wapi na linaegesha wapi, vyoo viko wapi na vina maji ama hakuna, kutoka getini hadi kwenye kazi ni dakika ngapi kwa mwendo wa mtoto aliye nyuma kabisa (si mwendo wako), kivuli cha kulia chakula kiko wapi, network ya simu inashika, hospitali ya karibu ni gani. Alafu fanya ile kazi mwenyewe. Pima mto mwenyewe. Nilipofanya hivyo mara moja niligundua sehemu niliyoipanga ilikuwa na ukingo wa matope unaoteleza kama sabuni, nikahamisha kazi mita 200 chini kwenye daraja la mguu, na hakuna mtoto aliyejua kulikuwa na plani nyingine.

Ongea na askari ama mlinzi wa msitu. Muulize ni wapi hamruhusiwi. Kuingia mtoni ama kuchimba udongo kunahitaji ruhusa, iombe hapo hapo na upate jina la mtu aliyekuruhusu.

Hatua ya 4: Karatasi na pesa

Barua mahali mnakoenda ipelekwe wiki tatu kabla, iseme jina la shule, idadi ya wanafunzi na walimu, tarehe, saa, na mnachotaka kufanya. Vikundi vya shule hulipa bei tofauti na wageni wengine lakini barua ndo inafungua huo mlango. Sehemu za KWS (shirika la wanyamapori) na makumbusho zinalipiwa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, usiende na pesa mkononi ukitegemea watachukua getini. Lipa siku moja kabla, printi risiti, simu huzima chaji saa mbaya.

Bajeti yako iwe na mistari hii: basi na mafuta, kiingilio cha wanafunzi, kiingilio cha walimu na dereva, chakula, maji, vifaa, na akiba ya dharura, mimi huweka sehemu moja ya kumi. Gawanya kwa idadi ya watoto, alafu kabla hujawatangazia kaa na class teacher umuulize polepole ni nani hatamudu. Wako, kila darasa wako. Usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake akisema baba hana. Panga mapema na ofisi, na kama haiwezekani wote kwenda basi punguza gharama mpaka wote waende, badilisha Naivasha iwe Karura. Nimeona mtoto mwerevu kuliko wote kwa hiyo kazi akibaki kwa dawati kwa sababu ya mia nane, na sijawahi kusahau uso wake.

Tarehe: mwisho wa Januari na Februari ndo kuzuri, jua na ardhi kavu. Machi hadi Mei ni mvua ya masika. Juni na Julai mvua ni kidogo lakini baridi ya Nairobi mnaijua, waambie wabebe sweta na koti.

Hatua ya 5: Gawanya makundi, kila mtu na kazi yake

Watoto watano kwa kundi. Si sita, si kumi. Kwenye kundi la kumi wanafanya wawili na wanane wanapiga stori. Kila mmoja anapewa kazi yenye jina: mpimaji, mtunza saa, mwandishi, mchoraji, na mlinzi wa vifaa ambaye pia anahesabu wenzake kila mnapohama. Katikati ya kazi wabadilishane, vinginevyo yule mwenye mwandiko mzuri ataandika maisha yake yote na hatawahi kushika tepu.

Usiwaache wachague makundi wenyewe. Marafiki wanne wakikaa pamoja yule wa tano anabaki peke yake.

Hatua ya 6: Fanyeni mazoezi shuleni

Siku moja au mbili kabla, chukua double lesson, toka nao nje. Kwadrati ya kwanza iwekwe kwenye nyasi nyuma ya bweni. Mwendo wa maji upimwe kwenye mtaro mvua ikiwa imenyesha, ama fungua bomba kwenye mtaro dakika mbili. Makosa yote yatokee hapa: atakayeanza stopwochi akiwa amechelewa, atakayesoma tepu kutoka upande wa inchi, atakayesahau kuandika vipimo ni vya mita ama sentimita. Kule fildi hauna muda wa kufundisha jinsi ya kusoma tepu.

Chora pia jedwali la kujazia, tupu, na kila kundi linakili lao wenyewe. Usiwapigie fotokopi. Mtoto aliyechora jedwali kwa mkono wake anajua kila safu inataka nini.

Hatua ya 7: Asubuhi ya safari

Basi liwe shuleni saa kumi na mbili kamili, muondoke saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa hadi saa moja na nusu jam inakula saa nzima ya kazi yenu, kama mnatoka Eastlands ama mnapita Thika Road mnanielewa.

Kabla ya kuondoka zunguka basi na dereva, angalia magurudumu, mikanda, milango. Mwambie dereva kwa heshima lakini waziwazi: hakuna haraka, na tunarudi kabla ya giza. Kila mtoto ana namba, kuanzia 1 hadi 44, na mnahesabu kwa namba, kila mtoto anaita yake. Kuhesabu vichwa kunadanganya. Mwaka mmoja nilihesabu vichwa mara mbili nikapata sawa, kumbe kulikuwa na watoto wawili wa shule nyingine wamepanda basi letu na wetu wawili wako chooni. Tangu hapo ni namba tu.

Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Hapa ndo moyo wa siku, kwa hivyo nakaa kidogo.

*Kupima mto.* Chagua mahali pamenyooka, maji hayafiki magoti. Pima mita 10 kando ya ukingo, simamisha mtoto mmoja mwanzo na mwingine mwisho. Mtu aweke chungwa majini kabla kidogo ya alama ya kwanza, upande maji yanakotoka, likipita alama stopwochi inaanza, likifika ya pili inasimama. Kwa nini chungwa? Kwa sababu linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi, linaonekana kwa mbali, na likipotea haliharibu mto. Chupa tupu inapeperushwa na upepo na utapata namba za upepo. Usilimenye, lililomenywa linazama.

Rudia mara tano. Ondoa majibu ya lile lililokwama kwenye mizizi, tafuta wastani. Tuseme ni sekunde 25: mita 10 gawa kwa 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, kwa hivyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.34. Alafu pima upana, tuseme mita 3, na kina mahali patano kwa ile fimbo, wastani tuseme mita 0.2. Zidisha 3 mara 0.2 mara 0.34, inakuja mita za ujazo 0.204, yaani lita 204 hivi kila sekunde. Mtoto akipata hiyo namba mwambie aigeuze iwe madebe ya lita 20 ya kwao nyumbani. Madebe kumi kila sekunde! Kuna msichana mmoja wa kidato cha pili, mtaani kwao maji yanakuja mara mbili kwa wiki, alipofika hapo aliweka penseli chini akakaa akiangalia mto tu, alafu akauliza, sir, sasa haya yote yanaenda wapi? Somo la maji la term nzima lilifunguka na hilo swali lake.

Tahadhari: mito ya Nairobi inapokea maji taka njiani, hata yakionekana safi. Glavu kwa anayegusa maji, hakuna kunywa, hakuna kuosha uso, na wote wananawa kwa sabuni kabla ya chakula. Aliye na kidonda mguuni anakuwa mwandishi siku hiyo.

*pH na uchafu.* Chota maji kwenye chupa, chovya karatasi, linganisha rangi mara moja chini ya kivuli kabla haijakauka. Kwa uchafu, chora msalaba mweusi kwenye karatasi nyeupe, weka chupa juu yake, mimina maji polepole ukiangalia kutoka juu mpaka msalaba upotee, pima kimo cha maji kwa rula. Kimo kifupi, maji machafu. Rahisi na wanaipenda.

*Kwadrati.* Vijiti vinne, kamba, mita moja kwa mita moja. Fanya tatu chini ya mikaratusi na tatu kwenye msitu wa kienyeji. Kosa kubwa hapa ni watoto kuchagua mahali penye maua mazuri. Wape namba za bahati: hatua 14 mbele, hatua 6 kulia, hapo ndo panawekwa, hata kama ni vumbi. Ndani wahesabu aina za mimea (si lazima wajue majina, waite A, B, C na wachore jani), wahesabu miche ya miti, wapime kina cha majani makavu kwa rula. Alafu waweke kiganja chini ya majani. Hili silitoi kamwe. Chini ya miti ya kienyeji udongo ni mweusi, una unyevu, unanuka mvua, na kuna vidudu vinakimbia. Chini ya mikaratusi mara nyingi ni kukavu na majani yanakwaruza mkono. Waandike hivyo hivyo wanavyohisi, kwa maneno yao.

Wewe mwalimu ukiwa hapo usitoe majibu. Zunguka na uulize, umejuaje? umepima mara ngapi? kwa nini hii imezidi ile? Na kama kuna mwongozaji wa wageni wa mahali hapo, mpe dakika 15 mwanzoni na 10 mwishoni. Ujuzi wao ni mkubwa, ila akiongea saa mbili mikono ya watoto inabaki mfukoni.

Hatua ya 9: Chakula, alafu kurudi

Mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji vinatosha. Chapati na ndengu ni tamu ila zikikaa kwenye basi lenye joto tangu alfajiri zinaharibika, na tumbo la watoto 44 barabarani ni mtihani mwingine. Takataka zote zinarudi na basi. Hesabu namba, panda, ondoka kufikia saa nane na nusu.

Hatua ya 10: Ndani ya saa 24

Usingoje wiki. Kesho yake asubuhi, hata kama ni Jumamosi na ni bweni, makundi yakae yasafishe data, yachore grafu kwa mkono, na kila kundi liandike ukurasa mmoja tu: swali letu, tulifanya nini, tulipata nini, wapi tulikosea. Sehemu ya mwisho ndo naipa maksi nyingi. Alafu wasome mbele ya wengine, makundi mawili yaliyopima kitu kimoja yakapata namba tofauti yabishane. Peleka nakala moja ya ripoti kwa mahali mlikoenda na moja kwa prinsipo, tripu ijayo itapita bila kusukumana.

Mambo yakienda mrama

Mvua imeanza mko katikati. Funika karatasi, toka chini ya miti mirefu, ondoka mtoni kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu mito midogo hujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali, kule juu mto unakotoka. Ikiacha, pimeni mto tena mkiwa kwenye daraja. Sasa mna data ya kabla na baada.

Tumbili wamechukua chakula. Chakula kikae ndani ya basi madirisha yamefungwa, mtu mmoja akilinde, na msile mkitembea. Wakishachukua usiwafukuze wala kunyang'anyana nao, wanauma. Akikwaruzwa mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na umpeleke hospitali siku hiyohiyo, kuna hatari ya kichaa cha mbwa na hiyo haingoji.

Namba za makundi hazilingani kabisa. Usizifute na usiwape "jibu sahihi". Uliza nani aliweka chungwa karibu na ukingo na nani katikati. Nusu ya mara jibu liko hapo.

Mwenye pumu ameanza kukohoa. Inhala inakaa kwa mtoto mwenyewe, si kwa begi lililoachwa kwenye basi. Hii iangaliwe asubuhi getini, akija bila inhala ipatikane kabla basi halijatoka.

Mmoja hayuko kwenye hesabu. Makundi yote yakae chini palepale yalipo, mwalimu mmoja anarudi njia mliyokuja, mwingine anapigia getini. Waambie mapema: ukipotea usitembee, kaa mahali pamoja.

Basi limeharibika. Watoto watoke upande usio wa barabara, wakae mbali na lami, piga simu shuleni kabla wazazi hawajasikia kwa mtoto mwenye simu ya kuficha. Ndo maana ya ile akiba ya dharura, na ndo maana ya kuondoka saa nane na nusu na si saa kumi na moja.

Mzazi amekataa kusaini. Mpigie, msikilize, mara nyingi ni hofu ya barabara ama ni pesa na anaona haya kusema. Akikataa bado, heshimu, na yule mtoto apewe kazi ileile shuleni: kwadrati uwanjani, alete data yake ilinganishwe na ya msituni. Anakuwa sehemu ya utafiti.

Hamna pesa kabisa, hata ya basi. Basi fanyeni ya kutembea kwa miguu. Soko la karibu, kila kundi liulize wauzaji kumi, kwa adabu, wakisalimia kwanza na wakinunua hata nyanya za ishirini: mama, hizi zimetoka wapi, zimefika lini, gunia lilikuwa pesa ngapi? Mtarudi na Kirinyaga, Kinangop, Kisii, Loitoktok, na vitunguu kutoka Tanzania, mchore yote kwenye ramani ukutani kwa uzi. Ama kaeni palepale shuleni muanze na ule mtaro wa nyuma ya jikoni: maji yanatoka wapi, yanaenda wapi, ni lita ngapi kwa siku. Tepu mnayo, na chungwa moja halikosi.